Shemeji ana boila ya bure, nami naogopa kusema hapana

Mjomba shikamoo,

Nimekuwa nikisoma matatizo ya wenzangu kwa miaka, leo zamu yangu imefika.

Tuna boila ya gesi inayotupa maji ya moto ya kuogea na kupasha redieta za kuleta joto vyumbani msimu wa baridi. Tuliikuta ndani ya nyumba tulipohamia, na kibandiko chake kinaonyesha ina miaka 17. Iko jikoni, inatumia gesi ya mitungi miwili mikubwa iliyosimama nje ya ukuta. Mwaka huu imeanza vituko. Presha ya maji inashuka kila wiki, na mara inazimika yenyewe mtu yuko bafuni na sabuni usoni.

Tumepata makadirio matatu. Fundi wa kwanza alikaa saa nzima, akapima hiki na kile, akatuandikia kurasa mbili. Mume wangu alipoona jumla ya chini alicheka. Fundi huyo anataka kutuwekea boila ya kilowati 35, bomba jipya la gesi, bomba jipya la moshi, kusafisha redieta zote, na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Wa pili hata koti hakuvua. Alichungulia, akaondoka, jioni akatuma ujumbe wa mstari mmoja: "Boila mpya na ufundi, jumla kiasi hiki." Yuko chini ya mwenzake kwa theluthi nzima.

Wa tatu ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Ni fundi bomba wa maji, na kazi yake ya maji siitilii shaka, bafu letu alilijenga yeye. Kapata boila kwenye nyumba inayobomolewa, haijafika hata miaka minne, ilikuwa ikitumia gesi ya bomba la mtaa. Anasema atatufungia Jumamosi moja, sisi tumnunulie viungio tu. Mume wangu kwake yeye mjadala umekwisha. Anasema damu ni nzito kuliko maji, na kumkataa mdogo wake ni kumvunjia heshima. Mimi roho inasita, lakini nikiulizwa sababu sina.

Nisamehe nikirukaruka, akili haijatulia. Mwezi uliopita tulikarabati jikoni. Boila tuliijengea kabati zuri lenye mlango, na kile kitundu cha ukutani kilichokuwa kikileta baridi tukakiziba kwa tambara tukapiga plasta. Jiko sasa lina joto, ingawa vioo vya madirisha vinatoka jasho siku nzima, na rangi mpya juu ya boila imeshaanza kuwa ya kahawia. Fundi rangi nadhani alituibia. Juu ya hayo, binti yangu wa miaka 9 kila Jumamosi na Jumapili anaamka kichwa kinamuuma na anataka kutapika. Jumatatu akienda shule, mchana yuko mzima kama ngoma. Mama mkwe naye, ambaye hashindi popote ila nyumbani, analalamika kizunguzungu, tunasema ni umri.

Basi swali langu: kwa nini bei za kazi moja zipishane hivi? Na nimkatae vipi shemeji bila kuchoma nyumba ya undugu?

Ni mimi,
Mke wa Kaka Mtu

*

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza bei na bei nitaijibu. Ila barua yako nilianza kuijibu kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa umeandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nami nilikupigia kabla sijavua miwani. Wasomaji wengine wajue nilichokuambia, maana wapo wenye tambara lao ukutani muda huu.

Nilikuambia uzime boila, ufunge koki za mitungi, ufungue madirisha na milango, ulichomoe lile tambara, kisha uwapeleke mama mkwe na mtoto hospitali siku hiyohiyo. Wewe na mumeo pia. Mkifika msiseme tu "kichwa kinauma." Semeni: nyumba yetu inatumia gesi, moshi haupati pa kutokea, tunahofia tumevuta sumu ya kaboni monoksidi. Ukiyasema hayo daktari atajua kipimo cha damu cha kuagiza. Usipoyasema, utapewa dawa ya maumivu urudi kulala kwenye sumu ileile. Kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia oksijeni kisiwatulize, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayezidiwa. Na kipimo chenyewe hakisubiri. Mtu akitoka nje kwenda kwenye hewa safi, sumu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 au 5, kwa hiyo ukienda kesho kutwa damu itakuwa imejisafisha na utaambiwa huna kitu.

Nilijuaje bila kufika kwako? Mtoto aliyenifumbua macho ni binti yako. Nimelea watoto na wajukuu, na mtoto mzushi huumwa Jumatatu asubuhi. Huyu wako anaumwa siku za mapumziko, siku anazolala hadi jua limepanda karibu na jiko, na anapona akiwa darasani. Bibi yake ambaye hatoki hapati siku ya kupona. Ongeza vioo vinavyotoka jasho na doa la kahawia juu ya boila, ambalo ni masizi na fundi rangi hana kosa. Kila kimoja peke yake kina maelezo mengine. Vikikutana chini ya paa moja, huwa nauliza kwanza hewa inaingilia wapi.

Boila yenu ni ya kizamani, inavuta hewa ya chumba ilimo. Ujazo mmoja wa propani, ile gesi ya mitungi yenu, unahitaji ujazo 24 hivi wa hewa ili uungue sawasawa. Kile kitundu kilichokuwa kikiwapa baridi ndicho kilikuwa pua yake. Mmeiziba pua, halafu mkaifungia kabatini. Wahenga walituhimiza kuziba ufa, lakini hawakuwahi kuishi na boila. Gesi isiyopata hewa ya kutosha haiungui ikaisha. Inatoa masizi na kaboni monoksidi, kitu kisicho na rangi wala harufu, kinachong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Watu hunijibu, "Mjomba, mbona gesi ikivuja tunainusa?" Mnanusa kwa sababu harufu imetiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas, Marekani, ililipuliwa na gesi iliyovuja chini ya jengo bila mtu kuihisi, wakafa watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo ndipo sheria zikaanza kudai gesi itiwe harufu mbaya. Lakini harufu ile inaungua pamoja na gesi. Moshi unaobaki hauna wa kukuonya.

Sasa twende kwa shemeji.

Mumeo kasema damu ni nzito kuliko maji. Sawa. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hilo nalo lisemwe. Boila aliyoipata shemeji imetoka kwenye gesi ya bomba la mtaa, na ninyi mnatumia mitungi. Hizi gesi mbili si ndugu. Propani, kwa ujazo uleule, ina nishati mara mbili na nusu hivi ya gesi ya bomba, ndiyo maana boila ya mitungi huwa na nozeli zenye tundu dogo zaidi, na valvu ya gesi hupangwa upya. Ukiifunga hiyo ya bure kama ilivyo, itamwagiwa gesi kupita uwezo wake: moto mrefu wa manjano, masizi, na sumu ileile tunayoikimbia, safari hii nyingi zaidi. Baadhi ya boila zinaweza kubadilishwa kwa vifaa vya mtengenezaji mwenyewe, zikapangwa kwa mashine ya kupima moshi, na kibandiko kikabadilishwa. Hiyo ni kazi ya mwenye leseni ya gesi. Nyingine hazibadilishiki kabisa. Na ile boila kuna aliyeing'oa, labda kwa nyundo na haraka, ikalala mahali kwenye vumbi. Miaka minne ni michache, lakini sijui imepitia nini tangu ing'olewe, na shemeji naye hajui.

Unaona basi kwamba una sababu, tena haihusu ujuzi wa shemeji hata kidogo. Mwambie mumeo: boila ni ya gesi nyingine. Hakuna aliyedharauliwa hapo. Kisha mpe shemeji kazi ambayo ni yake kweli. Kusafisha redieta ni kazi ya maji. Kubadilisha koki za redieta zinazovuja, kubomoa lile kabati, kuvuta bomba la plastiki la maji machafu kutoka kwenye boila mpya hadi mtaroni, yote hayo anayaweza kwa mikono yake na yatakupunguzia bei. Mkutanishe na fundi wa gesi wagawane kazi mbele yako. Fundi wa gesi aguse kila kitu kuanzia mtungi hadi bomba la moshi. Shemeji aguse maji. Nimeziona nyumba nyingi zikifanya hivyo na undugu ukabaki.

Bei sasa. Yule aliyetuma mstari mmoja si lazima awe mwizi, ila hukuambiwa unanunua nini. Mwandikie umwulize: bomba la moshi ni jipya au unaunganisha la zamani? Redieta zitasafishwa? Maji machafu yatatokea wapi? Nani atapima, na nitapewa cheti? Nakuhakikishia atakapoyajibu kwa maandishi, ile theluthi itaanza kuyeyuka. Akikataa kuyajibu, umeokoa pesa yote.

Bomba la moshi si pambo. Boila za siku hizi zimefungwa pande zote. Zinavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba moja lililo ndani ya jingine, hazigusi hewa ya chumba. Kwa nyumba yenu hilo peke yake linatosha kunifanya niilipie. Bomba la zamani haliwezi kuunganishwa, na tundu jipya ukutani lina masharti: liwe mbali na madirisha, moshi usikurudie ndani. Hiyo ni pesa, na ni pesa halali.

Kusafisha redieta nako kuna sababu. Fungulia chini ya redieta ya zamani uone kinachotoka: uji mweusi kama wino, ni chuma kilicholiwa na maji. Uji ule ukiingia kwenye boila mpya unaziba njia zake nyembamba, na watengenezaji wengi hukataa waranti wakiukuta. Kichujio cha sumaku kwenye bomba la kurudi ni kitu kidogo kwenye makadirio, usikikate.

Boila hizo mpya hutoa yale maji machafu kwa sababu hupoza moshi hadi mvuke wake unageuka matone, na joto lile linaingia kwenye maji yako badala ya kwenda angani. Ya zamani kama yenu hupoteza robo hivi ya joto kwenye moshi, mpya hupoteza chini ya sehemu moja katika kumi. Ila ili hilo litokee maji yanayorudi kutoka kwenye redieta lazima yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Mafundi wengi huziacha zikiwa zimepandishwa hadi nyuzi 80, mwenye nyumba analipia boila ya kisasa na kuitumia kama ya babu yake. Siku ya kukabidhiwa, mwombe ashushe joto la redieta mbele yako. Haina gharama yoyote.

Kuhusu presha inayoshuka, mara nyingi ni tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yakipata joto na kutanuka, lililokwisha upepo, kifaa ambacho bei yake si kitu mbele ya bei ya boila. Ingekuwa boila ya miaka 6 iliyofungwa vizuri ningekuambia uitengeneze. Hii ya miaka 17 inayokula hewa ya jikoni, iache iende.

Sasa nimguse fundi wa kwanza, ambaye ninampenda kwa zile kurasa mbili lakini kuna mahali kazidisha. Kilowati 35 za nini? Nyumba yenu ina bafu moja. Kupandisha joto la lita 10 za maji kwa dakika kwa nyuzi 35 kunataka kilowati 24 na ushee, na lita 10 kwa dakika ni bafu la kutosha mtu yeyote asiyeoshea gari humo. Boila iliyozidi ukubwa hailetei redieta zako raha. Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, hadi inachoka kabla ya wakati wake. Halafu fikiria mitungi. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote inakula kilo 2 hivi za gesi kwa saa. Ya 35 inakaribia kilo 3. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na lazima ichemke ili itoke. Ikivutwa kwa kasi mtungi unapoa, na asubuhi ya baridi utaukuta umevaa mkanda wa barafu kiunoni, moto umefifia, na wewe unamlaumu muuza gesi. Mwulize kama ya 24 itawatosha na akuonyeshe hesabu. Kwa boila ndogo huenda hata lile bomba jipya la gesi lisihitajike, kwa sababu gesi ya mtungi haitaki bomba nene kama ile ya mtaani. Hapo umepunguza mara mbili bila kukata usalama.

Kuna vitu ambavyo nisingemruhusu mtu avipunguze. Mipira na regyuleta za mitungi huchapishwa tarehe. Zilizopitwa zitupwe, hata zikionekana nzuri. Mitungi isimame wima nje, mbali na mtaro au tundu lolote la chini, maana gesi nzito ikivuja inatambaa sakafuni kama maji na kujikusanya shimoni. Kwa sababu hiyohiyo king'ora cha gesi ya mtungi hufungwa chini, karibu na sakafu. Kile cha kaboni monoksidi ni kingine kabisa, na hewa yake huchanganyika chumba kizima, kwa hiyo fuata maelezo ya mtengenezaji kuhusu urefu. Mnunue vyote viwili hata kabla ya boila. Na ukinusa gesi, usiwashe taa wala usiizime. Funga mtungi, fungua madirisha, toka, piga simu ukiwa nje.

Mzee aliyenifunza kazi hii alikuwa akikagua viungio kwa kiberiti. Aliwasha, akapitisha, na kwa miaka mingi hakupata shida, mpaka siku moja nyuma ya jiko la mteja ikasikika sauti kama ya shuka linalokung'utwa. Alitoka mzima. Nyusi hazikurudi sawa hadi anastaafu. Tangu siku hiyo ilikuwa sabuni na maji kwa brashi ya rangi: kiungio kikivuja, povu linavimba taratibu kama jicho la samaki, linapasuka, linavimba tena. Hilo hata wewe unaweza kulifanya kila unapobadilisha mtungi, halihitaji leseni.

Boila mpya ikishafungwa, sabuni peke yake haitoshi. Kabla ya kumaliza malipo, fundi aunganishe kipima presha, afunge gesi, na mngoje pamoja dakika kadhaa mkitazama kama namba inashuka. Aingize kipimo chake kwenye bomba la moshi akuandikie kiasi cha kaboni monoksidi. Na akuandikie presha ya gesi mara mbili, boila ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka kwa nguvu zote huku na jiko limewashwa. Karatasi hiyo nipigie picha unitumie kwa namba ileile niliyokupigia. Ile tofauti kati ya presha mbili ndiyo nitakayoitazama kwanza, kwa kuwa itatuambia kama bomba la zamani lilifaa kubaki.